Kiti cha Kulia

Pikapu ilikuwa ya Grant Lomax, kainunua kwa jasho lake na mafuta alitia yeye, lakini aliyeiendesha kila siku alikuwa Noel Haddrick. Wageni kikosini waliona kichekesho. Wenyeji walikwishazoea, na ukiwauliza sababu walikutazama kama umeuliza kwa nini watu huvaa viatu.

Sababu ni hii. Lomax alikuwa rubani, Noel mwongoza njia wake, na ndege yao ya mashambulizi, F-111, haikuwaweka mmoja mbele na mwingine nyuma kama zilivyo nyingi za aina yake. Viti vyake vilikuwa bega kwa bega, rubani kushoto, mwongoza njia kulia. Sasa huku kwetu Queensland, Australia, usukani wa gari uko kulia. Lomax akiushika yeye, Noel lazima ahamie kushoto, na hapo wote wawili wanapotea. Noel ananyoosha mkono kutafuta swichi ambazo hazipo, na Lomax akitaka kusema neno anageuka kuzungumza na mlango. Walijaribu mara moja, zamani, wakafika mji wa Ipswich wamenuniana. Tangu siku hiyo Noel akawa dereva na Lomax akakaa kushoto, magoti yake marefu yamekunjwa, na mambo yakanyooka.

Ndege yenyewe tuliiita Nguruwe, kwa kuwa ilipenda kukimbia pua chini, karibu na udongo. Ilikuwa na mbio za kutisha na madirisha ya kusikitisha. Ukiwa rubani, upande wako wa kushoto una mbingu yote. Geuka kulia: unamwona Noel. Unaiona helmeti yake, bega lake, mkono wake wenye penseli, na nyuma ya hayo yote kipande cha kioo kisichotosha hata kuona ng'ombe. Nusu ya dunia umemwachia mwenzio akutazamie.

Ndiyo maana kulikuwa na ile desturi. Rubani akitaka kukata kulia, kwanza anauliza, "Kulia?" Mwongoza njia anatoa uso wake kwenye funiko la mpira la kioo cha rada, anageuza shingo, anatazama nyuma, juu, chini, kisha anajibu, "Kulia safi." Hapo ndipo mkono wa rubani unasogea. Na rubani mwenye adabu hachungulii mwenyewe baada ya kuambiwa. Rubani anayechungulia ni sawa na mume anayepakuliwa chakula halafu akakinusa kwanza mbele ya mkewe. Hakuna sheria iliyokataza. Lakini ukimfanyia mwenzio hivyo, kesho yake anatafuta rubani mwingine.

Marubani wa ndege za kiti kimoja, wale wanaokaa peke yao ndani ya kiputo cha kioo, walikuwa hawaishi kuwatania bwaloni.

"Haddo," walisema, maana kazini Noel alikuwa Haddo, "leo mmekaa kwenye kochi lenu mkatazama nini? Tamthilia?"

"Wewe kaka una madirisha mengi, sikatai," Noel alijibu, mdomo umejaa pai ya nyama. "Lakini ukiona kitu kizuri, unamwonyesha nani?"

Lomax yeye si mtu wa maneno. Alizaliwa kwenye mashamba ya kondoo ambako jirani yuko mbali, na alikua akitumia maneno kama watu wa huko wanavyotumia maji. Noel alisema kwa niaba ya wote wawili, na kwa miaka mingi mpango huo haukumsumbua yeyote.

Kisha jicho la kulia la Noel likaanza.

Halikuanza kwa maumivu. Lingeuma, angekwenda kwa daktari siku hiyohiyo kama mtu mwingine yeyote. Lilianza kwa chumvi. Walikuwa mezani nyumbani, na Noel akamuuliza mkewe, Glenys, chumvi imekwenda wapi.

"Iko hapo kando ya mkono wako," Glenys alisema.

Ilikuwepo kweli, karibu na kiwiko chake cha kulia. Akacheka, akanyunyiza. Wiki hiyohiyo akajigonga bega la kulia kwenye mlango wa bafu alilolitumia tangu wahamie nyumba ile. Akaulaumu mlango. Siku nyingine paka wa Glenys akapita kulia kwake na Noel akaruka, kana kwamba paka ametoka hewani.

"Noel, yale macho," Glenys alisema.

"Macho mazima. Nilipimwa juzijuzi, nikasoma herufi zote mpaka zile za chini kabisa wanazoweka kuonea watu."

Hilo lilikuwa kweli. Akikitazama kitu uso kwa uso alikiona vizuri kuliko kijana wa miaka ishirini. Kilichokuwa kinakufa ni pembeni, ule upande wa nje kabisa wa kulia, taratibu, kama zulia linavyofumuka ukingoni. Na ubaya wa pembeni ni kwamba hakukuwa na giza pale. Angeona giza angeogopa. Hakukuwa na kitu tu, na mtu haoni kwamba haoni.

Lakini Noel hakuwa mjinga, tusimpakazie. Alijua. Alijua tangu paka. Alichofanya ni kujifunza kugeuza shingo zaidi, akawa anaizungusha kama bundi, akajiambia kwamba shingo ni bure na jicho moja na nusu linamtosha mtu mwenye shingo. Maana kile kiti ndicho kitu pekee alichowahi kukiweza duniani. Nje ya kiti kile alikuwa mtu mfupi mwenye maneno mengi ambaye hata bomba la jikoni lilimshinda. Ndani yake alikuwa nusu ya macho ya Nguruwe. Akikiachia, atakuwa nani? Kila alipofika kwenye swali hilo aliwasha redio.

Siku moja walikuwa wanarudi kutoka kituo cha jeshi, jioni ya mapema, jua bado liko juu ya milima. Noel anaendesha, anasimulia habari ya shemeji yake aliyenunua mashua na hajui kuogelea. Wakaingia kipilefti cha karibu na kiwanda cha matofali. Kwenye kipilefti huku kwetu anayetoka kulia ndiye mwenye haki. Mtoto wa shule anajua. Noel akatazama kulia, akaona barabara tupu, akakanyaga mafuta.

"Kulia," alisema Lomax.

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema angani, kavu, mara moja. Mguu wa Noel ukakanyaga breki kabla kichwa chake hakijaelewa. Mbele ya boneti likapita gari lenye tela la farasi, karibu kiasi kwamba Noel aliuona mkia wa farasi umefungwa utepe mwekundu. Dereva alipiga honi mpaka alipotokomea.

Pikapu ilizimika.

"Huyo naye," Lomax alisema, "anaendesha kama amelewa."

Noel alijua kwamba yule mtu hakuwa amelewa. Alikuja kwa mwendo wa kawaida kabisa kwenye barabara yake halali, na Lomax aliyajua hayo vilevile, na alikuwa anampa mwenzake mlango wa kutokea. Noel akautumia.

"Watu wa farasi hawa," alisema. "Wanajiona."

Akawasha gari. Habari ya shemeji na mashua haikumalizika. Lomax alizungumzia kriketi mpaka nyumbani, jambo ambalo si kawaida yake, na Noel alimsikiliza huku anageuza shingo kulia kwenye kila njia panda.

Kesho yake waliruka asubuhi. Ilikuwa safari ya mazoezi ya kawaida, chini chini, kuelekea magharibi juu ya mashamba ya Downs, hali ya hewa nzuri, ng'ombe wanakimbia huku na huku. Noel alichora njia yeye mwenyewe: kutoka alama moja hadi nyingine, na kwenye kila alama wakate kulia. Ya kwanza ilikuwa ghala refu la nafaka kando ya reli.

"Ghala linakuja mbele," Noel alisema. "Tukilipita tu, kulia."

"Naliona," alisema Lomax. "Kulia?"

Noel akatoa uso kwenye mpira. Akageuza shingo mpaka mishipa ikamuuma. Akatazama nyuma, akatazama juu, akatazama chini, akarudia mara ya pili. Alifanya kazi hiyo kwa uaminifu kuliko alivyowahi kuifanya maishani.

"Kulia safi."

"Sawa," alisema Lomax.

Nguruwe akalala kushoto.

Noel alidhani ameota. Upeo wa macho uliinuka upande usio wake, na ndege ikaanza kuzunguka kushoto, polepole, ikizunguka na kuzunguka, karibu duara zima, mpaka pua ikafika ilipotakiwa kufika tangu mwanzo kwa mkato mmoja mdogo wa kulia. Lomax akaiweka sawa.

"Nilitaka kuangalia kitu kushoto," alisema.

"Kitu gani?"

"Bwawa."

Noel akarekebisha hesabu zake za muda na mafuta, akarudisha uso kwenye rada. Kulikuwa na mabwawa kila mahali huko chini. Lomax alizaliwa kati ya mabwawa.

Alama ya pili ilikuwa daraja la reli juu ya mto mkavu, katikati ya mashamba ya pamba.

"Kulia?"

Safari hii Noel alifungua hata mkanda mmoja wa begani ili ageuke zaidi. Anga ilikuwa bluu, pana, tupu.

"Kulia safi."

"Sawa."

Na Nguruwe akalala kushoto tena, akaanza lile duara lake refu. Noel hakuuliza. Alikaa mikono mapajani, akatazama mbele kupitia kioo, na walipokuwa wanamalizia kuzunguka, mashamba ambayo mwanzoni yalikuwa kulia kwao yakaja mbele ya pua. Hapo ndipo alipokiona. Kindege cha manjano, kile cha kupulizia dawa pamba, kilikuwa kinainuka kutoka ukingo wa shamba, kimewageuzia mgongo, kwa kimo chao hasa. Uso kwa uso Noel aliona vizuri, kama nilivyosema. Aliona hata namba kwenye bawa.

Lomax alivuta usukani kidogo, wakapanda, wakapita juu yake mbali. Mpulizia dawa labda hakujua hata walipita. Na labda wangekata kulia pale mwanzoni wasingekutana nacho, labda kilikuwa bado kiko chini ya miti wakati ule. Labda. Noel aliligeuza neno hilo kila upande na halikumsaidia.

Wote wawili walikiona. Wanakaa bega kwa bega. Kila mmoja alijua mwenzake amekiona.

Kwenye alama ya tatu Lomax hakuuliza. Alizungukia kushoto moja kwa moja, kama mtu anayeruka peke yake. Hilo ndilo lililomuumiza Noel kuliko yote. Kuulizwa na kutoaminiwa ilikuwa aibu, lakini bado ilikuwa heshima ya aina yake. Kutoulizwa kulimaanisha kwamba kwenye kiti cha kulia hakuna mtu.

Walipotua, fundi mkuu alitazama mafuta yaliyobaki akatikisa kichwa.

"Mlikwenda kumsalimia nani huko?"

"Ng'ombe," alisema Lomax.

"Wote?"

"Wengi."

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakukuwa na mtu mwingine. Noel alivua glavu, akazitupa kwenye kabati, zikaanguka, akaziacha sakafuni. Alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira mbaya, ile ambayo mtu huwa nayo anapokuwa hana haki.

"Umezungukia kushoto mara zote tatu."

"Ndiyo."

"Nilikwambia kulia safi."

"Uliniambia."

"Sasa ndiyo nini, Grant? Miaka yote hii, unaninusia chakula?"

Lomax aliketi kwenye benchi, akaanza kufungua buti. Alichukua muda wake.

"Kushoto naona mwenyewe," alisema.

Noel alisubiri zaidi. Nje mtu alikuwa anaburuta ngazi ya chuma kwenye saruji.

"Ungesema," Noel alisema. "Jana pale kipilefti. Una mdomo. Ungesema."

"Ningesemaje, mzee?" Lomax aliinua uso. "Nikishasema, nimejua. Na nikishajua, lazima niende kwa mkuu wa kikosi nimwambie. Nisiposema, ni mimi tu ninayependa kukata kushoto. Hakuna sheria ya kukataza mtu kupenda kushoto."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyatoa kwa pamoja, na alionekana amechoka baada ya kuyasema.

"Na utazungukia kushoto mpaka lini?"

"Mpaka utakaponiambia nisizunguke."

Noel alifungua mdomo kutoa jibu kali. Alikuwa na majibu makali ya kutosha wiki nzima. Lakini aliyameza, kwa kuwa alimjua yule mtu. Hakuwa anatishia wala hakuwa anatania. Angefanya hivyohivyo. Angezunguka kushoto leo, kesho na mwaka ujao, angechoma mafuta, angechekwa na mafundi, angeitwa na wakubwa aeleze kwa nini hesabu zake hazilingani, na angewaambia habari za mabwawa. Na Jumatatu walikuwa wamepangiwa mabonde ya kusini, ndege mbili pamoja, ubavu kwa ubavu na majabali. Noel alizijua ramani zile kwa moyo. Kwenye mabonde yale kushoto ni mwamba. Hakuna nafasi ya kuzunguka. Bonde likikata kulia, unakata kulia au hukati tena kitu.

"Jumatatu," Noel alisema.

"Najua," alisema Lomax.

"Ulikuwa umepanga nini?"

"Sijapanga." Akavuta buti la pili likatoka. "Nilidhani tutaona tukifika."

Ndipo hasira yote ikamtoka Noel, ikabaki hofu, na hofu hiyo haikuwa ya kiti. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya paka hakuwaza kiti. Aliwaza huyu mpumbavu mrefu akiingia bondeni na kuuliza "Kulia?" kwa adabu yake yote, na kuambiwa "Kulia safi," na safari hii, kwa kukosa njia nyingine, kuamini.

Akaokota glavu zake.

"Nenda kanywe chai," alisema. "Mimi nina mtu wa kumwona."

Daktari wa kikosi, mama mmoja mpole aitwaye Roper, alikuwa anakula chungwa mezani kwake. Alidhani Noel amekuja kutaniana, maana ndiyo ilikuwa kawaida yake.

"Haddo. Umeleta uongo gani leo?"

"Nataka ile mashine ya taa," Noel alisema.

Daktari aliweka chungwa chini. Mtu anayeruka hamwombi daktari kipimo. Humkwepa daktari kama anayekwepa mkusanya kodi, na akikamatwa hujibu aliyoulizwa tu. Daktari alifuta mikono, akampeleka chumba cha nyuma, akamfunika jicho la kushoto, akamkalisha kidevu kwenye kibao, mbele ya bakuli kubwa jeupe. Akampa kitufe mkononi.

"Tazama kile kidoto cha katikati. Usihamishe jicho. Ukiona taa yoyote, pembeni, popote, bonyeza."

Noel aliijua michezo yote. Kulikuwa na watu kikosini waliosema taa zile zina mdundo wake, na mtu mwenye sikio la muziki anaweza kubonyeza kwa kuhesabu bila kuona kitu. Noel alikuwa amepiga ngoma kwenye bendi ya shule. Taa za kwanza zilikuja karibu na katikati, akazibonyeza zote, na kidole chake kikaushika mdundo bila kutumwa. Kikawa kinataka kwenda chenyewe. Angeweza kuliendesha zoezi lile mpaka mwisho, akatoka pale mzima kwenye karatasi, na Jumatatu angekuwa kwenye kiti chake.

Akakikaza kidole kisiende chenyewe.

Kisha hapakuwa na kitu. Alitazama kidoto cha katikati, na bakuli lilikuwa jeupe, tulivu, na mashine ilikuwa inatoa vile vimlio vyake vidogo, kimoja, kingine, kingine, kila kimoja ni taa mahali fulani kulia kwake, na yeye amekaa mbele yake kama mtu anayesubiri basi kwenye barabara iliyofungwa.

"Noel," daktari alisema kwa sauti ya chini, "hujabonyeza muda mrefu."

"Najua."

"Unataka tupumzike?"

"Hapana. Endelea tu mpaka mwisho. Nataka nijue lote."

Baadaye daktari alimweleza taratibu, amekaa ukingoni mwa meza. Kuna dawa ya matone. Kilichokufa hakifufuki, lakini kilichobaki kitabaki, na jicho la kushoto ni zima kabisa. Ataendelea kusoma, atawaona wajukuu. Gari asiendeshe mpaka wamwone wataalamu wa mjini. Kuhusu kuruka, daktari alianza sentensi mara mbili.

"Usijisumbue," Noel alisema. "Hilo nilikuja nalo."

"Mtu amekwambia uje?"

Noel alifikiri.

"Hakuna aliyeniambia kitu," alisema, na daktari akaandika alichoandika.

Alipotoka, jua lilikuwa limeanza kulegea na ndege weusi kwa weupe walikuwa wanapiga kelele kwenye mikalitusi ya kando ya uzio. Alikwenda chooni akalia, kidogo, uso ndani ya taulo, kwa sababu alikuwa na haki hiyo na kwa sababu Glenys angelia zaidi na ilimpasa awe amemaliza zamu yake. Akanawa. Akatoka kwenda kwenye maegesho.

Lomax alikuwepo, ameegemea pikapu upande wa kushoto, kwenye mlango wake wa siku zote. Alikuwa na chai mbili kwenye vikombe vya karatasi, na kwa jinsi zilivyoacha kutoa mvuke ilionekana amesimama pale siku nzima. Alimtazama Noel usoni, akatazama macho yake mekundu, akatazama pembeni.

Noel akamrushia funguo juu ya boneti.

Lomax alizidaka kwa mkono mmoja, chai ikamwagika kwenye kiatu. Akazitazama zile funguo kiganjani, akamsukumia Noel kikombe kimoja juu ya boneti. Kisha akazunguka mbele ya gari, Noel akazunguka nyuma, na wakaingia kila mmoja kwa mlango wa mwenzake.

Ilikuwa balaa, kama zamani. Lomax alisogeza kiti nyuma mpaka kikagota na bado magoti yaligonga usukani. Noel alinyoosha mkono wa kulia kuweka kikombe mahali ambapo hapakuwa na mahali, akakiweka mapajani. Walitoka getini, mlinzi akawatazama mara mbili, na Lomax akawasha wipa badala ya taa ya kuashiria.

"Taa iko upande ule mwingine," Noel alisema.

"Naona."

"Hapana, huoni, umewasha wipa."

"Nimeona baada ya kuwasha."

Wakafika kwenye njia panda, pale barabara ya kituo inapoingia barabara kuu. Hapo ni pabaya. Magari huja kwa kasi kutoka pande zote mbili, na ukitaka kwenda mjini lazima uvuke upande mmoja ili uingie wa pili. Lomax alisimamisha gari. Aligeuza uso wake kulia, kwenye dirisha lake, akautazama upande wa kulia wa barabara kuu kwa makini, na uso ule haukurudi.

"Kushoto?" alisema.

Mara ikamjia Noel kwamba ameulizwa yeye.

Akageuza shingo. Akatazama mbali, mpaka pale barabara inapotokeza kutoka nyuma ya kilima, kwa jicho lake zima, na aliona kila kitu: nguzo za umeme, bango la kuuza nyasi kavu, na lori refu la ng'ombe linalotelemka.

"Lori," alisema. "Subiri."

Lomax akasubiri, bado uso wake uko kulia. Lori likaja, likapita, likawatikisa na kuwaachia harufu ya ng'ombe ndani ya gari. Nyuma yake kulikuwa na lami tu. Noel aliitazama lami hiyo yote, hakuharakisha, akarudia mara ya pili.

"Kushoto safi," alisema.

Lomax hakugeuka kuangalia. Alikanyaga mafuta, wakaingia barabarani.